Baraza la Kaunti ya Lamu: tulipoteza nini 2013?

Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ilifutwa, na mabaraza yote 175 ya Kenya yakafa nayo. Baraza la Kaunti ya Lamu lilikuwa miongoni mwao. Kulipima ni rahisi kuliko mengine kwa sababu mipaka yake haikubadilika: wilaya ya Lamu ndiyo iliyogeuka kuwa Kaunti ya Lamu. Kule Kilifi serikali moja mpya ilirithi mabaraza matano, na mtu hawezi kulinganisha ya jana na ya leo bila kuchanganyikiwa.

Wanaolilaumu baraza husema lilijua kutoza tu: leseni za biashara, ushuru wa soko na wa mazao, kodi za viwanja, na mwananchi haoni barabara wala zahanati. Lawama hiyo ina ukweli, ila inaanza hesabu katikati. Hadi mwisho wa 1969 mabaraza ya kaunti ndiyo yaliyosimamia shule za msingi, afya na barabara za mashinani. Serikali kuu ikayachukua yote matatu, pamoja na kodi ya kichwa iliyoyalipia. Tangu 1970, diwani wa Faza aliyeulizwa kwa nini zahanati haina dawa alikuwa anaulizwa jambo ambalo sheria ilimnyang'anya.

Hata kilichobaki hakikuwa chake kamili. Sheria ndogo za baraza hazikuwa na nguvu mpaka Waziri wa Serikali za Mitaa azikubali. Bajeti ilikwenda kwake, mikopo ilihitaji idhini yake, na karani wa baraza aliletwa kutoka juu. Waziri aliweza hata kuvunja baraza na kuweka tume.

Fedha za LATF, yaani mfuko wa serikali kuu wa kuyagawia mabaraza fedha, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1998 kutokana na asilimia 5 ya kodi ya mapato, zilileta afueni. Lakini asilimia 60 ya mgao ilifuata idadi ya watu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikafuata msongamano wa mijini. Lamu ilikuwa na watu 101,539 kwa sensa ya 2009, waliotawanyika visiwani na bara, kuanzia Kiunga hadi Witu. Gharama ya boti na mafuta ya kufika Kiunga haikuwa na nafasi katika fomula hiyo.

Ardhi ndiyo iliyoniaminisha kwamba baraza hili lilizaliwa dhaifu. Sehemu nyingi za Kenya, baraza la kaunti lilishika ardhi ya wenyeji kwa amana chini ya Sheria ya Ardhi ya Amana, Sura ya 288. Katika ukanda wa pwani, sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilikuwa imeshatangulia: asiyepeleka dai lake kwa msajili, ardhi yake ikawa ya Taji la Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Wabajuni na Waaweri waliolima kwa kuhama mashamba hawakuwa na karatasi za kupeleka. Kwa hiyo wakati mabaraza ya ndani ya nchi yalikuwa na ardhi ya kulinda (au kuiuza vibaya, tuseme kweli), la Lamu lilitazama viwanja na skimu za makazi zikigawiwa kutoka Nairobi. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 zilizopewa kampuni 22, ilikuwa ardhi iliyotolewa baraza likiwa bado hai.

Hapo wanaoitetea serikali ya kaunti wana hoja nzito. Kaunti imo ndani ya Katiba, na hakuna waziri wa kuivunja kwa barua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya wavuvi kuhusu bandari mpya ya Lamu, ilisema serikali ya Kaunti ya Lamu ilistahili kushirikishwa. Baraza lisingepata kauli kama hiyo. Na mgao wa takriban Sh3.1 bilioni wa mwaka wa fedha 2021/22, ingawa ulikuwa mdogo kuliko wa kaunti zote 47, ulikuwa fedha ambazo madiwani hawakuziota.

Lakini kuna kazi moja ambayo baraza liliifanya karibu na watu, nayo ni ujenzi wa Mji wa Kale. Tangu 1991 kulikuwa na tume ya mipango iliyoangalia maombi ya ujenzi, ikifanya kazi na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Mgawanyo ulikuwa na maana: baraza lina mamlaka ya kibali, makumbusho yana ujuzi. Mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe akitaka kupiga plasta ya saruji, lazima aambiwe sababu ya kukataliwa. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huufungia ukutani pamoja na chumvi, plasta ikabanduka na boriti zikaoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Akiongeza ghorofa, uzito unashukia kuta ambazo msingi wake haukukusudiwa hivyo. Diwani anayeishi mitaa miwili kutoka hapo aliweza kuitwa barazani kueleza kibali kilitokaje.

Leo mwenyeji ana mwakilishi wa wadi, mmoja kati ya 10 wa kaunti nzima, na bunge lao linajadili kila kitu kuanzia hospitali hadi mifugo. Njia ya mji kupata bodi yake wenyewe ni kuwa manispaa, lakini sheria ya miji ya 2011 ilianza kwa kudai watu 250,000 kwa manispaa, zaidi ya mara mbili ya watu wote wa Lamu. Marekebisho ya 2019 yakashusha hadi 50,000. Hata pale bodi ya manispaa inapoundwa, wajumbe wake hawapigiwi kura siku ya uchaguzi.

Kwa hiyo silililii baraza lote. Nadai kipande chake kirudi: vibali vya ujenzi na usafi wa mji viwe mikononi mwa bodi ya manispaa yenye bajeti yake, wakazi wa mitaa wachague angalau nusu ya wajumbe, na orodha ya vibali ibandikwe hadharani kila mwezi.