Sadaka haihitaji kipaza sauti

Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilifanya jambo ambalo makanisa yetu mengi hayathubutu: lilirudisha sadaka. Rais William Ruto alikuwa amesali katika kanisa la Soweto na kutoa shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na watoto, akaahidi nyingine milioni 3. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kuwa fedha hizo zinarejeshwa, maana ibada si mahali pa wanasiasa kujinadi. Nilimpongeza moyoni, na bado nampongeza.

Lakini jukwaa analopandia mwanasiasa tumelijenga sisi waumini. Tazama harambee za ujenzi huku kwetu Tanzania. Mshereheshaji anashika kipaza sauti: "Nani ana milioni?" Anayesimama anapigiwa vigelegele, anaitwa mbele, anapigwa picha na mchungaji. Kisha laki tano. Laki moja. Elfu hamsini. Ikifika elfu mbili, hakuna tena kusimama. "Wengine wote" wanapitishiwa kapu huku kinanda kikilia. Humo ndimo mama muuza maandazi anapotia hela ya unga wa kesho, na hakuna anayemtazama. Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina, akawaona matajiri wakitia vingi, akamsifu mjane wa senti mbili. Sisi tumeketi palepale, macho tumeyaelekeza kwa matajiri.

Mnada wa baada ya ibada siupingi hata kidogo. Asiye na fedha analeta mayai, kuku au mkungu wa ndizi, na kinachonadiwa ni ule mkungu, si jina la aliyeuleta. Mara nyingi anayeununua anaurudisha unadiwe tena, watu wanacheka, usharika unapata.

Wapo wanaosema majina na viwango visomwe ili fedha zisiliwe. Hofu hiyo ina msingi. Ila bahasha zetu zina namba: bandikeni ubaoni namba na kiasi, kila mtu akague yake. Cha kutangaza kwa sauti ni jumla iliyoingia na kazi iliyofanya: mabati mangapi yamenunuliwa, fundi kalipwa nini, deni limebaki kiasi gani. Mbona majina tunasomewa taratibu, lakini taarifa ya matumizi inapitishwa mbiombio mwisho wa mwaka, watu wakiwa wameshasimama waondoke?

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaobaki nyumbani Jumapili ya harambee kwa sababu hawana kiasi cha kutajwa. Mtu anakosa neno la Mungu na meza ya Bwana kwa kuogopa aibu ya kapu! Wazee wa kanisa wanaopanga harambee ijayo, kabla hawajatafuta mgeni rasmi, wapite kwanza kwenye nyumba hizo, wakae, wawasikilize.