Deki mpya, spika zilezile

Jumamosi iliyopita shemeji yangu aliniita kwake. Hakusema kuna nini, alisema tu, "Shemeji, njoo usikie mwenyewe." Nikaenda. Pale kabatini, mahali pa deki yake ya zamani ya CD, palikuwa na mashine mpya nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, yenye taa ya buluu na vifungo viwili tu. Nyuma yake zimetoka nyaya nene kama mpira wa kumwagilia maua, na nyingine kama hizo zimekwenda hadi kwenye spika. Amplifaya ni ileile. Spika ni zilezile: moja iko sakafuni nyuma ya kochi, nyingine imelazwa ubavu juu ya kabati, na juu yake limewekwa ua la plastiki.

Akatia CD, akabonyeza, akanikazia macho.

"Aisee," nikasema, "hii sasa ni habari nyingine." Nilimvika kilemba cha ukoka, nakiri. Dada yangu alikuwa amekaa palepale na sikutaka kesi. Ukweli ni kwamba nilisikia muziki uleule mwembamba, usio na besi, na mwimbaji anatangatanga chumbani kama mtu aliyepoteza funguo.

Njia nzima nilirudi nimenuna. Siyo kwa ajili yake. Nimewanunia wanaomwambia kila mwenye CD zake kwamba sauti ikiwa mbaya, abadilishe deki kwanza. "Anzia kwenye chanzo," wanasema, kama aya. Kwa santuri ushauri huo una mantiki, maana pale sindano inasugua mfereji na kila mtikisiko wa mashine unaingia kwenye muziki. Lakini CD ni tarakimu, jamani!

CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, Philips na Sony walikuwa wamekwisha kutufanyia kazi ngumu. Sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16 (yaani tarakimu 16 za sifuri na moja), na hiyo inatosha kubeba milio yote hadi hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo wengi wetu tuliokula chumvi hatuisikii tena. Juu ya hapo, ndani ya diski kumefumwa hesabu za kusahihisha makosa. Ukiikwaruza kidogo, deki inarudisha tarakimu zilizopotea kama zilivyokuwa, siyo kwa kubahatisha. Mkwaruzo ukizidi sana, utajua bila kuambiwa: wimbo utaruka au utakwama kama mwenye kigugumizi. Hakuna leza inayosoma "kwa uchangamfu" na nyingine "kwa baridi". Ni kweli, zile chipu zinazogeuza tarakimu kuwa umeme hazilingani zote. Sawa. Ila zilinganishe sauti zikiwa zimesawazishwa, kwa sababu mashine inayotoka kwa nguvu kidogo tu kuliko mwenzake huonekana tamu zaidi, na wauzaji wanalijua hilo vizuri mno.

Msinione mjanja. Zamani nilisikia kwamba ukipaka wino wa kijani kwenye ukingo wa CD, muziki unasafika. Nikakaa jioni nzima na kalamu, nikizungusha diski moja baada ya nyingine kwa uangalifu wa fundi saa. Na nikasikia tofauti! Ningeapa. Hadi leo nina CD zenye kingo za kijani, watoto wakiniuliza nasema ndivyo zilivyokuja.

Sasa twende kwenye spika, maana huko ndiko pesa yako na jioni zako zinakotakiwa kwenda. Katika mtambo mzima, spika ndiyo pekee inayofanya kazi ya jasho: koni, ile sahani inayotetemeka, inasukuma hewa mbele na nyuma, besi ikija inatakiwa iende mbali, na ikisimama isimame papo hapo. Haiwezi kufanya hivyo bila kukosea. Uchafu ambao amplifaya ya kawaida inaongeza kwenye muziki haufiki sehemu moja kwa mia; spika ikipewa besi nzito inavuka hapo bila aibu. Halafu inazeeka. Lile povu linalozunguka koni huoza lenyewe hata spika isipoguswa, ukiligusa linabaki kidoleni kama majivu. Watu wana spika zenye povu lililokwisha, nao wanajadiliana kuhusu deki. Ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe ameziba masikio.

Na chumba je? Spika ukiibana kwenye kona, besi inavimba hadi maneno hayasikiki. Ukiificha nyuma ya kochi, milio myembamba inafia kwenye sponji. Zitoe ukutani, zisimamishe, twita, ile spika ndogo ya milio myembamba, iwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, na kati ya spika mbili na kichwa chako pawe na pembetatu yenye pande sawa. Zisogeze shubiri moja, sikiliza. Sogeza tena. Siku utakayomsikia mwimbaji amesimama katikati, mahali pasipo na spika, utacheka peke yako. Gharama yake ni mgongo kuuma kidogo.

Mengine kwa ufupi. Waya uwe wa shaba, unene wa kutosha, umekazwa vizuri, basi. Amplifaya ya wati 50 ukiibadilisha kwa ya wati 100 umeongeza desibeli 3 tu, yaani sauti inapanda kidogo, kwa hiyo usitarajie muujiza. Na albamu iliyobanwa studio ili ipige kelele muda wote, kama nyingi za kuanzia miaka ya 1990, hakuna mashine itakayoifufua. Deki yako ikiwa leza imechoka na inakataa diski safi, haya, nunua nyingine, sikuzuii. Hata taa ya buluu ni nzuri, nimeiangalia sana.

Jumapili nilirudi kwa shemeji kwa kisingizio cha kufuata mwavuli. Alipotoka kupokea simu nikachungulia nyuma ya spika. Kumbe zile nyaya za kifahari zilikuwa zimefungwa kinyume upande mmoja, nyekundu kwenye nyeusi! Koni moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi inakufa katikati. Nikageuza. Nikaondoa ua, nikaisimamisha ile ya kabatini, nikaitoa nyingine nyuma ya kochi.

Aliporudi nikabonyeza. Besi ikaingia chumbani kama mwenye nyumba. Dada yangu akatokea mlangoni kuuliza kuna nini. Shemeji akakunja mikono kifuani, akaniangalia kwa huruma.

"Unaona?" akasema. "Waliniambia hizi nyaya lazima zizoee kwanza."