Tyson na Foreman: hesabu inayoanzia raundi 80

Kabla ya kubishana nani angeshinda kati ya Mike Tyson na George Foreman, anza na hesabu hii. Muhammad Ali alipigana raundi 80 na mabondia wawili tu, Joe Frazier na Ken Norton. Kwa Frazier zilikuwa 41: raundi 15 New York mwaka 1971, 12 mwaka 1974, na 14 Manila mwaka 1975. Kwa Norton zilikuwa 39, nako pia katika mapambano matatu. Kila mmoja alimfunga Ali mara moja. Norton alimvunja taya Machi 1973, na hata pambano lao la mwisho, Septemba 1976, ambalo majaji walimpa Ali, wapo wengi wanaoapa mpaka leo kwamba Norton alidhulumiwa.

George Foreman naye alikutana na watu hao hao. Alimaliza mapambano matatu kwa raundi 9. Frazier alidumu raundi 2 Kingston, Jamaika, Januari 1973, na akafika ya 5 waliporudiana mwaka 1976. Norton alidumu 2, Caracas, Machi 1974. Miezi saba baada ya Caracas, Foreman huyo huyo akalala raundi ya nane mbele ya Ali, Kinshasa.

Hesabu hii siichoki. Naileta hapa kwa sababu ya ubishi mmoja usiokwisha: Mike Tyson wa mwaka 1988 angekutana na Foreman wa mwaka 1973, nani angebaki amesimama? Kila ninapousikia, unaamuliwa kwa kupanga mabingwa kwenye ngazi. Ali alikuwa na miaka 32 na miguu yake haikuwa ile ya zamani, bado akamlaza Foreman. Tyson wa 1988 alikuwa kijana, mwepesi, na hakuna aliyekuwa amemfunga. Kwa hiyo Tyson juu, Foreman chini, mjadala umefungwa. Anayesema "ngojeni kwanza, tutazame staili zao" huonekana anamtafutia Foreman kisingizio. Naona mtu huyo anaonewa.

Rudi kwa Norton. Kama ngazi ni ya kweli, mtu aliyemtesa Ali kwa raundi 39 alipaswa kumsumbua Foreman walau nusu ya hapo. Haikuwa hivyo, na sababu inaonekana kwa macho. Silaha kubwa ya Ali ilikuwa konde la kushoto la kunyoosha, lile la kupimia na kuchokonoa. Norton, kwa mafunzo ya kocha Eddie Futch, aliweka kiganja cha kulia karibu na kidevu, akawa analidaka konde hilo na papo hapo anarudisha la kwake la kushoto. Ali akiwa mbali, Norton anamfuata. Ali akiegemea kamba, Norton anashindilia mbavu. Lakini Norton alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimsukuma kwa nguvu, alirudi nyuma kwa mstari mnyoofu. Ali hakuwa mtu wa kumsukuma mtu nyuma, kwa hiyo ugonjwa ule haukuonekana. Foreman hakujua kupigana kwa namna nyingine. Baadaye Earnie Shavers, mpigaji mwingine mzito, alimmaliza Norton raundi ya kwanza mwaka 1979, na Gerry Cooney akamaliza kazi kwa sekunde 54 mwaka 1981. Kwa miaka hiyo miwili ya mwisho unaweza kulaumu uzee. Kwa Caracas huwezi: Norton alikuwa ametoka kupigana raundi 24 na Ali mwaka mmoja nyuma, na miaka miwili mbele alikuwa na uwezo wa kupigana naye 15 nyingine.

Sasa Kingston, maana ndiko ubishi wa Tyson unakoamuliwa. Frazier alipanda ulingoni akiwa bingwa, mapambano 29, hajafungwa. Watabiri wengi walikuwa upande wake. Aliangushwa mara tatu raundi ya kwanza na mara tatu ya pili, kisha mwamuzi akasimamisha. Watu hukumbuka kuanguka. Mimi nakuomba utazame mkanda ule ukiwa umezima sauti, uache nyuso, uangalie mikono ya Foreman kabla ya konde kutoka. Frazier anaingia ameinama, kichwa kinayumba kama kawaida yake, anatafuta kifua cha adui apate kuachia konde la kushoto la kuzungusha, lile lililomwangusha Ali mwaka 1971. Foreman ananyoosha mikono yote miwili, anamgusa mabegani, anamsukuma. Ni kitendo kidogo, karibu cha dharau. Frazier anarudi hatua moja, mgongo unanyooka, miguu inakaa sambamba. Katika nusu sekunde hiyo yeye si mtu wa kuinama tena. Ni mtu mfupi aliyesimama wima mbele ya mtu mrefu mwenye mikono mizito kuliko yeyote wa wakati ule. Konde linatoka chini, kwenye kiuno, linapanda mpaka kidevuni. Kitendo hicho kinajirudia pambano zima. La mwisho lilimnyanyua miguu kutoka sakafuni.

Hapo ndipo Tyson anapoingia. Tyson alikuwa na urefu wa takriban sentimita 178, mfupi hata kuliko Frazier, na Foreman alifika kama 192. Mikono ya Tyson ikinyooshwa, kutoka ncha hadi ncha, ilikuwa mifupi kuliko ya Foreman kwa karibu sentimita 20. Staili yake ni ile ya kocha wake, Cus D'Amato: glavu mbili zimebana mashavu, kiuno kinacheza, kichwa kinapita chini ya makonde, na safari ni moja tu, kwenda mbele. Nguvu za Tyson zote zilizaliwa baada ya kuvuka umbali ule. Akizuiwa mlangoni au akisukumwa nyuma, alipungua. Buster Douglas alimzuia kwa mkono mrefu wa kushoto Tokyo, Februari 1990. Evander Holyfield alimsukuma kifua kwa kifua Novemba 1996, na akampiga kila alipojaribu kujipanga upya. Foreman alikuwa na mkono mrefu wa kushoto uliopiga kama gogo, na alikuwa msukumaji kuliko Holyfield.

Kuna ushahidi mwingine ambao wabishi wa Tyson huuruka. D'Amato alikuwa na bingwa mwingine wa uzito wa juu kabla ya Tyson, aliyepigana kwa staili hiyo hiyo ya glavu mashavuni: Floyd Patterson. Septemba 1962, Chicago, Patterson alikutana na Sonny Liston, mtu mkubwa, mwenye mikono mirefu mno na konde zito la kushoto la kunyoosha. Patterson alidumu dakika 2 na sekunde 6. Wakarudiana Julai 1963, akadumu sekunde nne zaidi. Liston ndiye aliyemchukua Foreman kijana mazoezini awe mshirika wake wa kupigana naye, na ukiwatazama wote wawili unaona alichokiacha: ule mkono wa kushoto unaofungua njia, na kutokuwa na haraka. Sitautegemea ushahidi huu peke yake, kwa sababu Patterson alikuwa na kama kilo 86 tu, mwili ambao leo usingeitwa uzito wa juu, na aliangushwa mara nyingi katika maisha yake ya ngumi. Tyson alipompiga Michael Spinks kwa sekunde 91, Juni 1988, alikuwa na takriban kilo 99, sawa kabisa na Foreman wa Kingston.

Upande wa Tyson una hoja, na nzito kuliko ile ya ngazi. Kwanza, Tyson si Frazier. Frazier alikuwa injini ya dizeli, alihitaji raundi tatu nne apate moto. Tyson alikuwa moto kengele ikilia. Frazier aliegemea mkono mmoja, wa kushoto. Tyson alipiga kwa yote miwili, kwa mfululizo, na makonde yake yalikuwa mafupi, yakipita katikati ya mikono ya Foreman iliyozoea kuzunguka kwa upana. Pili, Foreman aliweza kuanguka. Ron Lyle alimwangusha mara mbili katika raundi moja, Januari 1976, na Lyle hakuwa na nusu ya kasi ya Tyson. Foreman aliamka akashinda raundi ya tano, lakini je, Tyson angempa nafasi ya kuamka na kupumua?

Hoja ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Frazier wa Kingston huenda hakuwa Frazier. Baada ya usiku ule wa Machi 1971 na Ali alilazwa hospitali, na mwaka mzima wa 1972 alipigana na wapinzani dhaifu wawili tu. Labda tunaiita staili kitu ambacho kilikuwa ni uchovu wa mwili. Kwa muda nilikaribia kukubali. Kilichonirudisha ni mwaka 1976. Waliporudiana, Frazier alikuwa amechakaa zaidi, Manila ikiwa imeshamla. Usiku ule akaacha kuingia moja kwa moja, akazunguka, akakaa mbali, akapigana kwa staili isiyo yake. Mwili mbovu kuliko wa Kingston, na ukadumu raundi tano badala ya mbili. Kama tatizo la Kingston lingekuwa mwili peke yake, alipaswa kuanguka mapema zaidi.

Na Ali je, kwa nini aliweza? Kwa sababu hakumfuata Foreman. Kinshasa, saa kumi za alfajiri, aliegemea kamba, akaacha makonde yaishie mikononi, akamshika shingo kila walipokaribiana na kumvuta kichwa chini, na Foreman akachoka. Hakuna kitu katika hayo ambacho Tyson wa 1988 alifundishwa kukifanya. Kumwambia Tyson asubiri kwenye kamba ni kumwambia awe mtu mwingine, na huyo mtu mwingine sijui kama angempiga Spinks.

Kwa hiyo nampa Foreman, na nampa mapema: ndani ya raundi tatu, baada ya Tyson mwenyewe kumtikisa mara moja, labda mara mbili, kwa sababu kasi ile isingekwenda bure. Likivuka raundi ya tano nahama upande. Foreman wa 1973 hakuwa na pumzi ya safari ndefu. Jimmy Young alimwonesha hivyo Machi 1977 kwa raundi 12, bila hata konde zito la kutisha. Tyson akifika raundi ya sita akiwa na miguu yake, angekuta mbele yake mtu aliyeshusha mikono.

Kinachonizuia kumpeleka huko ni ile mikono miwili ya Foreman juu ya mabega. Juni 1990 Tyson na Foreman walipigana usiku mmoja, ulingo mmoja, Las Vegas, kila mtu na mpinzani wake. Foreman alikuwa na miaka 41 na kitambi, Tyson ametoka kupoteza mikanda Tokyo. Wote wawili walishinda mapema, wakavua glavu, na pambano lenyewe halikufanyika kamwe.