Kunyamaza kwa Sauti Siyo Kupona

Kwenye kikao cha familia kule Nyalenda, Kisumu, mjomba mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba binamu yangu, mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo), "alishapona, kilichobaki ni uvivu." Wazee wakakubali. Binamu mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo akisikia kila neno. Hasira haijanitoka.

Ni kweli sauti zimenyamaza. Hadhani tena kwamba majirani wanamtilia sumu, na kila mwezi anaenda kudungwa sindano ya ugonjwa huo bila kusukumwa. Lakini ukimtuma sokoni Kibuye akuletee nyanya, dania na chumvi, atarudi na nyanya peke yake. Mwongeleshe redio ikiwa imewashwa, atasahau alichotaka kusema. Mteja dukani akisubiri chenji, jasho linamtoka binamu. Na huyu ndiye aliyetufundisha hesabu sisi wadogo zake tulipokuwa tukijiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari!

Mtu hawezi kuwa mvivu wa kukumbuka. Skizofrenia yenyewe hugusa kumbukumbu, umakini, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kupanga kazi hatua kwa hatua. Dawa zinazotuliza sauti hazirudishi mambo hayo kwa kiasi cha maana. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamefuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Waliopata skizofrenia walipopimwa wakiwa na miaka 38, akili zao zilikuwa zimeshuka zikilinganishwa na vipimo vyao wenyewe vya utotoni. Kule Suffolk, jimbo la New York, wagonjwa waliolazwa mara ya kwanza kuanzia 1989 wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilionekana kwamba uwezo wa kufikiri uliendelea kupungua miaka mingi baada ya kulazwa. Haikuwa kwa wenye skizofrenia tu, hata wenye saikosisi za aina nyingine, yaani magonjwa mengine yanayomtenga mtu na uhalisia. Kwa hiyo mjomba anamlaumu mtu kwa jambo ambalo ugonjwa wake unajulikana kulifanya.

Shangazi anasema ni dawa. Sawa, kuna ukweli hapo: vidonge vya Artane anavyopewa ili mikono isitetemeke vinaweza kufifisha kumbukumbu, na ni haki yetu kumuuliza daktari kama bado anavihitaji. Ila kuikatisha sindano wenyewe nyumbani, hapana. Tuliwahi kuiacha ikatupita, na usiku zilizofuata sitaki kuziona tena. Wanaosema ni chira, laana ya kuvunja miiko, leo sijibizani nao.

Kinachoniuma zaidi ni kliniki. Unasikia sauti? Unalala? Unakula? Haya, sindano, tarehe ya kurudi. Miaka yote hii ninayomsindikiza, sijasikia akiulizwa kama anaweza kufuata maagizo matatu mfululizo, au kama anaimudu kazi. Foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja, hilo naliona. Lakini kisichoulizwa hakiandikwi kwenye faili, na kisichoandikwa familia inakipa jina lake yenyewe: uvivu, kiburi, kujifanya. Kijana anaishia kutukanwa kwa sababu ya dalili.

Na msaada upo. Mazoezi ya akili yanayofanywa na mtaalamu, hasa yakiambatana na kazi halisi, huongeza uwezo. Siyo muujiza, lakini huongeza. Kwetu hatuna mtaalamu huyo, kwa hiyo tunafanya tunaloweza. Tunamwandikia kwenye karatasi, tunamtuma kitu kimoja kwa wakati, tunazima redio tukiongea naye. Dukani anapanga bidhaa asubuhi kabla wateja hawajajaa, na anazipanga vizuri kutushinda sote.

Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022 na kaunti zikapewa wajibu wake. Basi kaunti zetu zianze na hili dogo: kila anayekuja kwa sindano aulizwe anavyokumbuka, anavyofanya kazi, na aliyemsindikiza aulizwe pia. Mwezi ujao nitamwomba muuguzi aliandike kwenye faili ya binamu. Wewe mwenye ndugu kliniki, omba na ya kwenu iandikwe.