Okito na Mpolo hawakuacha hata jino

Hapa Lubumbashi, ukitaja Shilatembo hukosi mzee wa kukuambia mambo hayo yaachwe, yalishapita. Kwa heshima yote, baba zetu, mimi sikubali.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi huko, kilomita kama 50 kutoka mjini, saa chache baada ya ndege kuwashusha uwanja wa Luano wakiwa wamefungwa kamba na kupigwa vibaya. Walioshika bunduki ni askari wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Congo, na ofisa wao alikuwa Mbelgiji. Tshombe, rais wa Katanga hiyo, alikuwepo pamoja na baadhi ya mawaziri wake. Halafu polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, akaifukua miili, akaikatakata, akaiyeyusha kwa asidi.

Walitaka kesi ife pamoja na miili. Mwezi wa pili Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Anayetushtaki kwa mauaji, alisema, na athibitishe. Miili ilikuwa imeshayeyushwa.

Ikathibitishwa hivyohivyo bila miili. Tume ya Umoja wa Mataifa iliikataa hadithi ya kutoroka mwaka uleule wa 1961. Soete, uzeeni, alieleza kazi yake mbele ya kamera, tena akaonyesha meno aliyojiwekea kama kumbukumbu. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikakubali kwamba baadhi ya mawaziri na Wabelgiji wengine wa wakati ule wanabeba dhamana ya kimaadili. Neno hilo, kimaadili, linaniudhi mpaka leo. Familia ya Lumumba haikuridhika nalo. Mwaka 2011 ilifungua mashtaka Brussels.

Juni 2022 jino moja la Lumumba, lenye kofia ya dhahabu, lilirudishwa kutoka Ubelgiji ndani ya kiboksi cha buluu, likazungushwa nchini, likapita na hapa kwetu kabla ya kuzikwa Kinshasa. Nilifurahi kwa ajili ya watoto wake. Lakini tangu hapo watu wanazungumza kana kwamba deni limelipwa.

Je, Okito, aliyekuwa makamu wa rais wa Seneti? Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana? Familia zao hazikuletewa kiboksi chochote, na hazitaletewa. Kama haki inangoja mabaki, basi asidi ya Soete imeshinda. Mwalimu unayepeleka wanafunzi Shilatembo, wataje wote watatu, na uwataje waliowaua pia, wa kwetu na wa Ubelgiji.