Jezi, ubao wa magoli na maduka ya Kibuye: apu changa iige nini kwa michezo?

Vijana wawili wa hapa Kisumu, wadogo zangu kabisa kwa umri, walinijia juzi na swali. Wametengeneza apu ya hesabu za duka, stoku imebaki ngapi, nani amekopa, leo umeuza ya pesa ngapi, vitu ambavyo wenye maduka wengi bado wanaandika kwa daftari. Wamekusanya laki mbili, zingine zao zingine za mjomba, na wanataka kuingiza yote kwa mashindano ya mtaa: jezi za timu nane zenye jina la apu, kombe, spika kubwa uwanjani, alafu vijana wao wa mauzo wagawanywe timu mbili zishindane nani atasajili maduka mengi. "Mkubwa, Kisumu ni mpira," ndio waliniambia.

Na hapo hawajakosea. Huu mji ukienda na hoja yoyote ya kudharau mpira utafukuzwa. Klabu ya Gor Mahia ilichukua kombe la Afrika la washindi mwaka wa 1987 mbele ya Esperance ya Tunisia, kwa magoli ya ugenini, na mpaka leo utapata kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa anakusimulia hiyo fainali kama alikuwa amesimama nyuma ya goli. Hakuna apu imewahi kupendwa hivyo. Kwa hivyo mtu akisema anataka kusimama karibu na hayo mapenzi ndio jina lake lishike, namwelewa.

Mfano wanaopenda kutoa ni SportPesa, kampuni ya kamari. Kweli ile kampuni iliweka jina kwa jezi za Gor na za AFC Leopards, ikaweka kwa ligi kuu ya Kenya yenyewe, 2017 ikaingia mpaka kwa kifua cha Everton ya Uingereza, na hiyo miaka hata nyanya yako kijijini alikuwa anajua jina. Lakini watu huruka sababu ya ile kitu kufanya kazi. Bidhaa ya kampuni ya kamari iko ndani ya mechi. Shabiki ameketi kwa banda la video, simu iko mkononi, anaona jina kifuani mwa mchezaji na dakika hiyo hiyo anaweza kuweka mia yake. (Vile hiyo mia imeumiza familia zetu huku ni mambo ya siku ingine, lakini nisiposema nitakuwa nimedanganya.) Sasa linganisha na apu ya stoku. Jumamosi saa kumi jioni mwenye duka wa Kondele hayuko uwanjani, yuko nyuma ya kaunta, na pengine hiyo ndio saa yake nzuri ya wiki juu mashabiki wanapita kununua soda. Jezi zako za timu nane zitaonwa na watu mia tano ambao hawana duka.

Si ati uwanja haufai kwa kila mtu. Ukiwa na apu ya kutafuta malazi, mbio za magari za Safari Rally kule Naivasha, tangu irudi kwa mashindano ya dunia mwaka wa 2021, ni mahali pa kukaa usiku na mchana, juu kila anayefika anatafuta pa kulala. Ukiwa unauza usafiri ama chakula cha kuletewa, mashindano ya raga kama Prinsloo Sevens ya Nakuru na Dala Sevens ya hapa kwetu yanakuletea watu wenye simu nzuri, njaa na pesa ya wikendi, wote kwa uwanja mmoja. Swali ni kama mteja wako yuko pale akiwa na ile shida yako unayotatua.

Kuna faida moja ya jezi ambayo nakubali, na nimeiona mwenyewe. Kijana wa mauzo akiingia dukani na jina ambalo mwenye duka amewahi kulisikia, hafukuzwi haraka. Anapewa dakika mbili za kujieleza, na kwa hii kazi dakika mbili ni nyingi. Lakini jina likijulikana leo linataka kulishwa na kesho, na pesa ya udhamini inaweza kukatika: SportPesa yenyewe ilikosa leseni 2019 ikaondoa udhamini wake, BetKing, kampuni ingine ya kamari, ikaingia ligi 2020 na mkataba wa miaka mitano, 2021 ikawa imetoka. Kama wenye mabilioni wanashindwa kukaa, laki mbili itakaa wikendi ngapi?

Hiyo ya timu mbili kushindana ndio inanigusa zaidi. Niliwahi kuwa kijana wa mauzo wa kampuni moja ya programu hapa hapa Kisumu, na bosi alikuwa na ubao ukutani umeandikwa kama jedwali la ligi, jina lako, maduka uliyosajili wiki hii, umepanda ama umeshuka. Na ubao ulisaidia, sitakataa. Kulikuwa na dada mmoja mpole hata kwa mkutano haongei, wiki ya pili akawa juu ya sisi wote kwa sababu alikuwa anatembea Nyalenda mpaka Manyatta bila kupumzika, na bila ule ubao hakuna mtu angejua. Hata kwangu uliniamsha asubuhi nyingi. Lakini kufika mwezi wa pili watu walikuwa wanasajili shangazi zao, wanasajili duka moja kwa laini tatu za simu, tukawa na wateja hewa kuliko wateja wa ukweli, na komisheni ilikuwa inalipwa vizuri tu. Aliyekuwa mkiani alikuwa jamaa ambaye angekaa na mama mmoja soko la Kibuye masaa mawili akimwonyesha vile ya kuingiza madeni, na mimi nilimcheka. Kampuni ilipokuja kuangalia nani bado anafungua apu, wengi walikuwa wa huyo jamaa. Nilimwomba msamaha, na bado naona aibu nikikumbuka.

Kwa mpira, mpira ukivuka mstari ni goli, limehesabiwa. Kwa programu, duka likijisajili ndio refa amepuliza mechi ianze, na sisi tulikuwa tunashangilia kipenga.

Ndio maana kwa upande wa michezo mimi naangalia zaidi mbio. Oktoba 12, 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40, akiwa na waweka kasi 41 wanaopokezana. Muda huo haukuwekwa kuwa rekodi ya dunia, juu hazikuwa mbio za wazi na wale waweka kasi walikuwa wanaingia na kutoka njiani. Rekodi alizipata Berlin, 2:01:39 mwaka wa 2018 na 2:01:09 mwaka wa 2022. Bonasi za kujisajili, bando za bure, zawadi za uwanjani, hizo ni waweka kasi wa Vienna. Zinakuonyesha inawezekana, zinakupa jina, na jina si kitu kidogo. Lakini namba utakayopata nazo usiipeleke kwa mwekezaji ukisema ni rekodi. Berlin yako ni ile siku mwenye duka atalipa ya mwezi wa pili na pesa yake bila mtu kumsukuma.

Basi hivi ndivyo nilivyowaambia. Wafadhili mashindano, lakini na elfu thelathini pekee, na wasitafute mashabiki, watafute wale wanaouza pembeni ya uwanja: wa soda, wa mahindi, wa mandazi, wa miwa. Hao wako kazini siku hiyo na wanauza haraka kuliko daftari linavyoweza kufuata. Kila mmoja akae na kijana mmoja wa mauzo siku nzima, wakiandika pamoja, jioni aone faida yake kwa simu yake mwenyewe. Wasichukue namba za simu za watu getini kwa kisingizio cha bahati nasibu, sheria ya kulinda data ya 2019 inataka mtu ajue namba yake inaenda kufanya nini. Na ubao wabaki nao, lakini duka liandikwe pale wiki ya nne kama bado linaingiza mauzo, na wawili walioshughulikia duka moja wagawane hiyo pointi.

Mmoja alikubali palepale. Mwingine bado anataka jezi, anasema bila jezi hata huyo wa mandazi hatajua wao ni akina nani, na sijapata jibu la kumnyamazisha. Tumekubaliana washone jezi kumi, za vijana watakaokaa na wauzaji.