Tikiti za mtoano: shabiki wa Kisumu haumizwi na bei ya mlanguzi peke yake

Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, waliilaza Zambia 1-0 uwanjani Kasarani, Nairobi, Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025, wakamaliza kileleni mwa kundi lao la CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata ligi za nyumbani. Robo fainali dhidi ya Madagaska ikachezwa Ijumaa, tarehe 22. Hadi jioni ile ya Jumapili hakuna aliyejua hata mji wa kwenda: sare tu ingetosha kuishusha Kenya hadi nafasi ya pili na kuipeleka Dar es Salaam kucheza na Tanzania, safari ambayo mwishowe iliwaangukia Moroko. Shabiki wa Kisumu, Kakamega au Nakuru akabakiwa na siku tano za kupata tikiti mtandaoni, kuomba ruhusa kazini, kukata nafasi ya basi na kutafuta pa kulala. Viti navyo vilikuwa haba. Kwa mechi ya Zambia, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilikuwa imepunguza watazamaji hadi 27,000 kwa sababu ya fujo za malangoni katika mechi zilizotangulia, na tikiti za kielektroniki pekee ndizo zilizokubaliwa.

Mazingira kama hayo ndiyo yanayomnenepesha mlanguzi, yule anayenunua tikiti ili aziuze tena kwa bei ya juu: muda mfupi, viti vichache na bei rasmi iliyo chini ya kile watu wako tayari kulipa. Lawama zote hutupwa kwenye bei anayotaja. Naona hapo ndipo mjadala unapopotoka, hasa kwa sisi wa magharibi na Bonde la Ufa.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tikiti ni shilingi 200. Anayetoka Githurai, karibu na uwanja, anaongeza nauli ya 200 kwenda na kurudi, jumla 400. Anayetoka Kisumu, tuseme, analipa 3,000 za basi kwenda na kurudi, 1,000 za malazi na 600 za chakula. Pamoja na tikiti ni 4,800. Mlanguzi akiiuza tikiti hiyo kwa 1,000, gharama ya wa Githurai inapanda hadi 1,200, yaani mara tatu. Ya wa Kisumu inafika 5,600, nyongeza ya sehemu moja kwa sita. Lakini tikiti ikikataliwa langoni, wa Githurai anarudi nyumbani na hasara ya 1,200, ilhali wa Kisumu amepoteza 5,600 na usiku mzima barabarani, kilomita 350 hivi kila upande. Kwa hiyo wa karibu huumizwa na bei, na wa mbali huumizwa zaidi na kutokuwa na uhakika. Kanuni zikitungwa kwa kumfikiria wa kwanza peke yake, wa pili huzidi kuumia.

Wanaotetea uuzaji wa tikiti mkononi wana hoja isiyostahili kudharauliwa. Mtu akifiwa Alhamisi, au basi likikwama njiani Mau Summit, tikiti yake lazima iwe na njia ya kumfikia mwingine, la sivyo kiti kinabaki kitupu huku watu wamejaa nje. Pia husema kwamba mwandaaji akiuza kwa 200 kitu ambacho maelfu wangekinunua kwa 1,000, ile tofauti ya 800 haipotei, ila inaenda kwa aliyewahi. Dawa, kwa mtazamo wao, ni mwandaaji kupandisha bei mwenyewe ili pesa ziingie kwenye mchezo. Hoja ya kwanza naikubali yote. Ya pili naikubali nusu. Ni kweli pesa hizo huenda kwa mtu asiyechangia chochote. Lakini kupandisha bei ya jukwaa la kawaida humwondoa kijana anayeimba dakika 90, na kelele za huyo ni sehemu ya faida ya kucheza nyumbani. Timu ikimpoteza haiwezi kumnunua tena.

Upande wa pili, mlanguzi haongezi hata kiti kimoja. Anachofanya ni kuwahi. Kikomo kikiwa tikiti nne kwa kila namba ya simu, mwenye laini kumi anaondoka na 40. Asipoziuza zote kabla ya mpira kuanza, zilizobaki ni viti vitupu katika mechi iliyotangazwa kuwa imejaa. Na hata kama watu wanalalamikia bei kwa sauti kubwa zaidi, wizi mbaya ni wa nakala. Tikiti ya kielektroniki ni msimbo wa QR tu. Picha ya skrini ya msimbo huo inaweza kutumwa kwa watu sita kwa WhatsApp, na wote wakalipa. Mashine ya langoni inamruhusu wa kwanza, kisha inawaonyesha watano waliobaki kwamba tikiti imekwisha kutumika. Mlinzi hana namna ya kujua nani alidanganywa. Kurudisha pesa kwa kutuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 ni huduma iliyokusudiwa aliyekosea namba, na ukifika langoni saa nane mchana, mtu uliyemlipa asubuhi ameshazitoa kwa wakala.

Kwa hiyo asiyekuwa na budi kununua mkononi asikubali picha. Adai tikiti ihamishwe ndani ya mfumo wa mwuzaji rasmi, ili jina na namba ya mwenye zamani vifutike na msimbo mpya uje kwenye simu yake. Mfumo usiporuhusu kuhamisha, mtu mwenye haki ya kuingia ni yule wa kwanza, na mnunuzi anabahatisha.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Uingereza ilipiga marufuku kuuza tikiti za kandanda bila idhini kwa sheria ya 1994, ila lengo kubwa lilikuwa usalama, mashabiki wa timu mbili wasichanganyike jukwaani. Ireland ilitunga sheria mwaka 2021 inayokataza kuuza kwa bei iliyozidi ya awali katika kumbi na viwanja vinavyochukua watu 1,000 au zaidi. Marekani ilichagua kupambana na programu zinazonunua tikiti kwa wingi; sheria ilipita Desemba 2016, na kesi za kwanza chini yake hazikutangazwa hadi Januari 2021. Miaka minne ni muda wa kutosha kwa mlanguzi kutajirika na kustaafu.

FIFA nayo, kwa Kombe la Dunia la 2026, imeingia sokoni yenyewe. Imefungua soko lake rasmi la kuuza tena na inatoza asilimia 15 kwa mwuzaji na asilimia 15 kwa mnunuzi. Tikiti ikiuzwa tena kwa dola 300, mnunuzi analipa 345, mwuzaji anapata 255, na 90 zinabaki kwa FIFA. Mfumo huo unaua tikiti bandia, na hilo si jambo dogo. Lakini mwenye soko anapopata zaidi kila bei inapopanda, usitarajie aizuie isipande. Kwa wakazi wa Mexico utaratibu ni mwingine, wao hubadilishana kwa bei ya awali tu. Inawezekana, basi, pale panapolazimu.

Pendekezo linalosikika sana hapa kwetu ni kufunga kila tikiti kwa namba ya kitambulisho. Linavutia, lakini nenda nalo hadi langoni. Kusoma msimbo peke yake huchukua kama sekunde tano kwa mtu, hivyo mstari mmoja hupitisha watu 720 kwa saa. Kwa watu 27,000 na malango yaliyofunguliwa kwa muda wa saa tatu kabla ya mechi, unahitaji mistari 13. Ongeza kutoa kitambulisho, kukisoma na kulinganisha sura, muda unafika sekunde 15, mstari unapitisha 240 kwa saa, na sasa unahitaji mistari 38. Usipokuwa nayo foleni inafura, watu wanasikia wimbo wa taifa wakiwa nje, na lango linasukumwa. Ukaguzi wa kubahatisha, mtu mmoja kati ya kumi, unamtia mlanguzi hofu bila kuziba mlango.

Jambo jingine linalosahauliwa ni mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Tikiti ya mtandao pekee inamlazimu amwombe mwenye simu kubwa amnunulie, na ombi hilo ndilo mlango wa ulanguzi mdogo mdogo mitaani. Vituo vichache vya kuuza, kimoja Kisumu, kimoja Kakamega, kimoja Nakuru, vyenye mgao wao wenyewe, vingemsaidia zaidi kuliko mahubiri ya polisi dhidi ya walanguzi.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kuruhusu kurudisha tikiti kwa mwuzaji rasmi kwa bei ile ile hadi saa 24 kabla ya mechi, na hapohapo mfumo uiuze kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Baada ya muda huo iweze kuhamishwa mara moja tu. Na mwandaaji atangaze kabla ya mauzo ni viti vingapi viko wazi kwa umma na vingapi vimetengewa wadhamini, maafisa na wageni wa mwaliko. Bila idadi hiyo, kila "tikiti zimeisha" itatiliwa shaka, na shaka hiyo ndiyo inayomfanya shabiki akimbilie kwa mlanguzi mapema.

Pa kujaribia papo karibu. Kombe la Kenya, ligi kuu ya raga nchini, huingiza timu sita katika mchujo, na mbili za juu huenda moja kwa moja nusu fainali. Kabras Sugar wa Kakamega, waliolitwaa mara ya kwanza 2016, wamekuwa wa huko juu kwa miaka, hivyo mechi kubwa mjini Kakamega huweza kukisiwa wiki kadhaa kabla. Tikiti za masharti zingeuzwa mapema: timu ikifuzu unaingia, isipofuzu pesa zinarudi kwenye M-Pesa yako. Ugumu ni ada ya kurudisha. Kwenye tikiti ya 200, ada ya kuwarudishia pesa maelfu ya watu mmoja mmoja ni mzigo kwa mwandaaji, na akimkata shabiki kimyakimya ugomvi unaanza upya. Ada hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa malipo kabla mtu hajabonyeza namba ya siri, pamoja na tarehe ambayo pesa zitakuwa zimerudi.